Siku Mashini Inapohama

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani wakati bwana bado yuko kazini, leo nina swali moja kwenu. Ni siku gani mashini kubwa inaumiza watu? Wengi watajibu: siku inapochimba, ndani ya karieri, kati ya vumbi na makelele. Jibu hilo si la uongo. Lakini mimi nimekaa na mashini hizi miaka mingi, na siku ninayoiogopa zaidi ni ile ambayo mashini haichimbi kitu. Ni siku inapopandishwa juu ya kamyo ili ihamishwe, kutoka kazi moja kwenda kazi nyingine.

Siku hiyo haina jina. Kwa daftari la shefu imeandikwa kama saa zilizopotea, kwa sababu hakuna udongo uliotoka wala mawe yaliyobebwa. Na kitu kinachoitwa saa zilizopotea, kila mtu anataka kiishe upesi. Shoferi anaharakisha, kapita anaharakisha, hata mlinzi wa lango anafungua haraka. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kampuni siitaji, na haikuwa hii yetu ya leo. Nilikuwa nikiendesha pele ya tani 22. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua za Katanga mnazijua. Saa 17 shefu alifika akasema pele ilale juu ya lobedi usiku ule ule, kwani kesho asubuhi inangojewa pahali pengine. Miguu ya chuma ya pele ilikuwa imejaa matope mekundu. Ngazi za lobedi nazo zilikuwa za chuma, zimelowa. Hakuna aliyesema tuoshe. Mimi pia sikusema.

Kijana mmoja, konvoyeri wa kamyo, alisimama upande wangu wa kuume ili anionyeshe njia. Sasa sikilizeni vizuri, ninyi ambao hamjakaa ndani ya pele: chumba cha mwendeshaji kiko upande wa kushoto, na ule mkono mkubwa wa chuma uko upande wa kuume, unafunika macho. Mtu akisimama kule, humwoni. Kijana hakujua jambo hilo. Hakuna aliyemfundisha. Alifikiri ananisaidia.

Nilipofika katikati ya ngazi, mguu mmoja wa mashini uliteleza kama sabuni. Pele ililala upande wa kuume. Mimi nilikuwa nimefunga mkanda, nilibaki katika kiti changu, nikatoka na michubuko tu. Yule kijana alisikia chuma kinalia, akaruka nyuma, lakini mguu wake mmoja haukuruka. Munganga aliukata chini ya goti usiku ule.

Siku mbili baadaye waliniletea karatasi. Imeandikwa: ajali imetokana na uzembe wa msaidizi, aliyesimama pahali pasipofaa. Hakuna neno juu ya matope. Hakuna neno juu ya saa 17 wala juu ya haraka ya kesho asubuhi. Nilitia sahihi. Nilikuwa na watoto wanne na niliogopa kazi yangu. Ndiyo sababu ninaandika habari hii leo, na ndiyo sababu sitaki kusikia tena neno uzembe kabla watu hawajauliza maswali mengine.

Tuyaulize basi.

Swali la kwanza ni juu ya pahali pa kupandishia. Kamyo isimame juu ya udongo mgumu ulio sawasawa, freni imefungwa, magogo yamewekwa mbele na nyuma ya mipira. Kama pahali pameinama upande mmoja, usipandishe hata kama pameinama kidogo tu, kwani kidogo cha chini kinakuwa kikubwa mashini ikiwa juu. Osheni miguu ya chuma na ngazi. Maji na koleo na nusu saa, ndiyo bei yake. Chuma juu ya chuma huteleza hata kikiwa kikavu, sembuse kikiwa na matope. Kuna mipira minene ya kutandika juu ya lobedi na mbao ngumu za kuweka juu ya ngazi. Vitu hivyo si mapambo, viombeni.

Mwendeshaji apande polepole, ndoo iwe karibu na ardhi, mkanda umefungwa. Akishakuwa juu ya ngazi asigeuze miguu ya mashini. Ikiwa ameona hakulenga vizuri, ashuke chini kabisa na aanze upya. Najua aibu yake: wenzako wanakuangalia, mmoja anacheka. Acha wacheke. Na pale juu, mashini inapotoka kwenye ngazi kuingia kwenye sakafu ya lobedi, kuna nukta moja ambapo inaanguka mbele ghafula, kama mtu anayekaa kwenye kiti bila kukiangalia. Pale wendeshaji wapya hushtuka na kuvuta mikono ya kazi vibaya. Mkubwa wa kazi aliye na akili huwaonya kabla ya kupanda.

Na mtu wa kuonyesha njia? Awe mmoja tu. Wakiwa watatu, mmoja anasema njoo, wa pili anasema simama, na wa tatu anazungumza na simu. Asimame mbele, upande wa kushoto, mbali, pahali ambapo mwendeshaji anaona uso wake. Mwendeshaji asipomwona, asimamishe mashini papo hapo bila kungoja kuitwa. Watu wengine wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa mashini yenyewe, maana ikianguka italala upande wowote inaoutaka.

Swali la pili ni minyororo. Hapa nimesikia maneno ya ajabu. Shoferi mmoja aliniambia: "Muzee, ile kintu iko na tani makumi tatu na sita, nani ataisukuma? Uzito yake yenyewe inaikamata." Nilimjibu: rafiki, ni uzito huo huo utakaoisukuma. Kamyo ikikanyaga freni kwa nguvu, mashini yenyewe haijui kama kuna freni. Inataka kuendelea na safari. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinahesabu kwamba nguvu ya kwenda mbele inaweza kufika sehemu 8 kwa 10 za uzito wa mzigo. Kwa pele ya tani 36 hiyo ni karibu tani 29, na zinakuja upande wa mgongo wa shoferi.

Kanuni ya Marekani nayo inaomba minyororo isiyopungua minne kwa mashini yoyote inayozidi tani 4 na nusu, na nguvu ya minyororo yote ikijumlishwa ifike angalau nusu ya uzito wa mzigo. Kwa pele yetu ya tani 36, nusu ni tani 18. Minyororo minne yenye nguvu ya tani 5 kila mmoja inatoa 20. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Lakini ukiweka mnyororo mmoja uliounganishwa kwa bulo au kwa fil-de-fer, hesabu imekufa, kwa sababu mnyororo hauna nguvu kupita jicho lake bovu.

Ndoo na mkono wa pele vishushwe mpaka vilale, vifungwe na mnyororo wao wenyewe. Sehemu ya juu ya pele huzunguka, basi ifungwe kwa kufuli yake ili isizunguke njiani. Kamyo zile zinazokunjika katikati zina chuma cha kuzuia kiungo, kiwekwe. Freni ya mashini ifungwe, mota izimwe, ufunguo utoke. Kisha, baada ya kilometa chache za kwanza, shoferi asimame akaze tena minyororo, maana mzigo hukaa na minyororo hulegea. Wamarekani wanasema ukaguzi huo ufanyike kabla ya kilometa 80. Wao wana barabara laini. Kwa barabara zetu za udongo mimi ninasema kilometa 10, na tena baada ya kila shimo lililokufanya uume meno.

Swali la tatu ni urefu wa juu. Sakafu ya lobedi iko karibu mita moja juu ya ardhi. Weka juu yake pele yenye mita 3 na kitu, umeshapita mita 4. Usipime kwa macho. Chukua mti mrefu uliotiwa alama, pima kutoka ardhini mpaka kilele, andika namba ndani ya chumba cha shoferi pahali anapoiona.

Nchi yetu ya shaba ni nchi ya nyaya. Tangu 1982 umeme wa Inga unafika Kolwezi kwa voliti 500,000, na kutoka hapo nyaya nyingine zinaelekea Likasi, Lubumbashi mpaka Zambia. Hizo kubwa ziko juu sana, hazinitishi kama zile ndogo za vijiji na makambi, zilizolegea kati ya nguzo mbili, na zile ambazo watu wamejivutia wenyewe usiku. Umeme hauhitaji kuguswa. Ukikaribia sana unaruka wenyewe. Kanuni ya kazi ya Wafaransa inadai umbali wa mita 3 kwa nyaya za chini ya voliti 50,000, na mita 5 kwa zile zinazozidi hapo. Basi kabla ya safari mtu mmoja aende na gari dogo, apite njia yote akiangalia juu. Na kama bahati mbaya imetokea, mashini imegusa waya, kaa ndani ya chumba chako, piga kelele watu wasikaribie, ngoja umeme ukatwe. Ila moto ukiwaka, ruka miguu yote miwili pamoja, bila kushika chuma na ardhi kwa wakati mmoja, kisha uende kwa kurukaruka miguu ikiwa imebanana.

Sasa tuingie barabarani. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi kupitia Likasi na Fungurume ni karibu kilometa 300, na njia hiyo ni mlango na dirisha la nchi nzima. Shaba inatoka, tindikali inaingia, chokaa, mafuta, unga wa mahindi, mashini. Mwezi wa pili wa 2019, katika njia hiyo, kamyo iliyobeba tindikali iligongana na magari mengine, na watu zaidi ya 15 wakafa, wengi wao wakiwa wasafiri wa kawaida. Hawakuwa wafanyakazi wa mgodi. Walikuwa wanakwenda zao.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha. Mashini nyingi zinatufikia kupitia Kasumbalesa, na kamyo zinazozileta zimetengenezwa kwa nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto. Sisi hapa tunapita upande wa kuume. Kwa hiyo shoferi wa kamyo hizo ana volani upande wa mtaro, sio upande wa katikati ya barabara. Akitaka kumpita mwenzake haoni mbele mpaka kichwa cha kamyo yote kimetoka nje. Sasa mpe lobedi yenye mzigo mpana kuliko kamyo ya kawaida. Lazima gari la mbele na gari la nyuma, yenye taa na bendera, na redio kati yao. Pasipo gari hizo, safari isianze. Hapo mimi sina nafasi ya kubishana.

Usiku pia, hapana. Najua mashoferi watanijibu vikali. Watasema: muzee, mchana kuna vizuizi, kila kizuizi na mkono wake, mchana kuna jua na mipira inapasuka, na ukilala njiani wezi wanakuibia mafuta. Yote ni kweli, nimeyaona. Lakini majibu ya wezi ni pahali pa kulala penye ukuta na mlinzi, na kampuni inayoweza kununua mashini ya bei kubwa namna ile inaweza kulipia kulala kwa kamyo moja. Kumwambia shoferi akimbie gizani na tani 36 mgongoni, kati ya watu wanaosukuma kinga za makala bila taa, si jibu kwa wezi.

Na hapa ninawageukia ninyi wa nyumbani. Mama, mtoto wako anapoona buldozeri inapita juu ya kamyo, anafurahi na kukimbia karibu nayo. Ni kitu kizuri kwa macho, hata mimi mzee ninasimama kuangalia. Mfundishe asimame nyuma ya nyumba, sio kando ya mtaro. Mawe yaliyobaki katika miguu ya chuma huanguka njiani, na jiwe moja kubwa kama ngumi likianguka kutoka juu ya kamyo inayokimbia, linaua. Ndiyo sababu nyingine ya kuosha.

Tena msiombe kupanda juu ya mzigo. Ninajua usafiri ni shida. Ninajua mtu anatoka shambani na gunia la mihogo, anaona lobedi inakwenda polepole, chumba cha pele kiko wazi, ndani kuna kiti. Anampa shoferi franga kidogo, anakaa kama mfalme. Mashini ikiteleza, hakuna atakayemtoa hai. Shoferi anayepokea franga hiyo ameuza maisha ya mtu kwa bei ya chupa ya bia, na mimi ningemwondoa kazini siku hiyo hiyo, hata akiwa mtoto wa ndugu yangu.

Wapikaji na wauzaji wa kando ya barabara, pale kamyo zinaposimama kukaza minyororo, tafadhali msiingie kati ya kamyo na lobedi kukimbilia dirisha la shoferi. Mngojeni ashuke. Atashuka, njaa itamshusha.

Nimebakiza neno la kuwaambia wakubwa wa kazi, na ninalisema kwa heshima. Mnapenda kutuonyesha hesabu ya mashini iliyosimama, ni pesa ngapi kwa saa. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hamtuonyeshi hesabu ya lobedi iliyoanguka na kufunga barabara siku mbili, mashini iliyopinda, hospitali, mjane na watoto, na kazi iliyosimama kwa sababu watu wote wamekwenda kilioni. Tieni hesabu zote mbili kwa meza moja, halafu tuzungumze.

Mimi ninaomba mambo matatu, na nimeshayapeleka kwa kamati ya usalama. Kwanza, kupandisha na kushusha mashini kuwe kazi yenye karatasi yake, yenye saa yake, na mtu mmoja aliyeandikwa jina kuwa ndiye anayeamuru. Akisema hapana, hata mkurugenzi asiseme ndiyo. Pili, hakuna kupandisha baada ya saa 16. Mwanga unaopungua na mtu aliyechoka vinakwenda pamoja. Tatu, shoferi wa lobedi asilipwe kwa hesabu ya safari. Ukimlipa kwa safari umemlipa akimbie, na usishangae akikimbia. Na yule konvoyeri, ambaye kila mtu humwita akiwa ametaka maji au sigara, afundishwe siku tatu kamili kabla hajasimama karibu na ngazi, apewe viatu vya chuma na gile inayong'aa, na aambiwe wazi kwamba mkono wake ukiinuka, mashini yote inasimama.

Wengine watasema mambo haya yako tayari katika vitabu vya usalama. Yako, nimevisoma. Lakini siku ile ya mvua, kitabu kilikuwa katika ofisi kilometa 40 kutoka pale, na sisi tulikuwa na shefu, matope na giza linaloingia.

Yule kijana leo ni mtu mzima, ana duka dogo Likasi, anauza sabuni, chumvi na kadi za simu. Nilipita kwake mwaka jana. Nilimwambia juu ya ile karatasi niliyotia sahihi, kwani hakuwa ameiona. Alinyamaza muda mrefu, akampimia mteja chumvi, kisha akaniuliza kama siku hizi kwetu tunaosha miguu ya mashini kabla ya kupandisha. Nilimjibu kwamba katika karieri yetu ndiyo, tunaosha. Katika ile nyingine, upande wa reli, bado.

"Basi wende ule upande," akasema.

Jumatatu nitakuwa kule saa 6 asubuhi, na koleo.